Kughairi Tiketi ya Ndege na Kuachwa na Ndege: Mwongozo Kamili kwa Msafiri wa Mombasa

Shangazi yangu wa Majengo alikuwa na tiketi ya kwenda Dubai na kurudi, kupitia Nairobi. Siku mbili kabla ya safari mwanawe alilazwa hospitali, na kwa kuwa akili za nyumba nzima zilikuwa wodini, hakuna aliyeikumbuka tiketi. Wiki iliyofuata, mtoto alipopata nafuu, alikwenda katika ofisi ya shirika la ndege akiwa na karatasi yake iliyokunjwa mara nne ndani ya mkoba, akaomba apewe siku nyingine. Karani aliingiza zile herufi sita za nafasi yake, kisha akageuza skrini ili ajionee mwenyewe: sehemu zote nne za safari, za kwenda na za kurudi, zilikuwa zimefutwa, na mbele ya ile ya kwanza palikuwa na alama ya abiria asiyetokea. "Mama, lau ungetupigia simu hata saa chache kabla ya ndege kuondoka, ningekuwa na la kukufanyia," alisema yule karani, na alisema kwa upole kabisa.

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu ya simu hiyo ambayo haikupigwa. Watu wengi hudhani kwamba kughairi safari na kutokwenda uwanjani ni mamoja, kwa kuwa katika hali zote mbili abiria hakusafiri. Kwa shirika la ndege hayo ni mambo mawili yaliyo mbali sana, na umbali huo hupimwa kwa pesa zako.

Kwa nini shirika huyatofautisha

Kiti cha ndege ni kama samaki asiye na barafu: thamani yake ina saa, na saa hiyo ikipita hakuna wa kukinunua. Abiria anapoghairi mapema, kiti hurudi sokoni na huenda kikanunuliwa na mwingine, mara nyingi kwa bei ya juu zaidi kwa kuwa siku ya safari imekaribia. Asiposema lolote, mfumo humsubiri mpaka kaunta ifungwe, na ndege huondoka na kiti kitupu. Ndiyo maana mashirika mengi huuza viti zaidi ya vile vilivyomo, yakijua kwamba katika kila safari hawakosekani wasiotokea, na ndiyo maana pia masharti ya nauli huwa na adhabu ya pekee kwa kutotokea, tofauti na faini ya kughairi.

Adhabu hiyo huja kwa sura tatu, na huweza kuja zote pamoja. Ya kwanza ni faini ya ziada. Ya pili ni kwamba nauli ambayo ingerudishwa kwa sehemu, au ambayo ingeruhusu kubadilisha tarehe, hugeuka kuwa isiyorudishwa na isiyobadilika. Ya tatu, ambayo ndiyo iliyompata shangazi, ni kwamba sehemu zote za safari zinazofuata hufutwa, hata ile ya kurudi ambayo bado ilikuwa na wiki tatu mbele yake.

Hatua ya 1: Isome tiketi siku unapoinunua

Tiketi ya siku hizi si kijitabu. Tangu Juni 2008 mashirika ya ndege yaliyo chini ya muungano wao wa kimataifa, IATA, yaliacha tiketi za karatasi na kuingia katika tiketi za kielektroniki. Unachopewa na wakala wa Moi Avenue au wa Biashara Street ni chapa ya maelezo tu. Ndani yake tafuta namba mbili. Ya kwanza ni namba ya nafasi, yenye herufi na tarakimu sita, ambayo ndiyo utakayoulizwa kila utakapopiga simu. Ya pili ni namba ya tiketi yenyewe, yenye tarakimu 13, na tatu za mwanzo hukuambia ni shirika gani lililoitoa na hivyo ni nani anayeshika pesa zako: 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian Airlines, 176 ni Emirates. Jambo hili lina faida kubwa pale ambapo ndege utakayopanda ni ya shirika moja na tiketi imetolewa na jingine, kwani anayeweza kuirudisha ni yule aliyeitoa.

Kisha omba masharti ya nauli, na usikubali kujibiwa kwa mdomo tu. Mwombe wakala akutumie kwa WhatsApp au barua pepe majibu ya maswali manne: faini ya kughairi kabla ya safari ni kiasi gani, faini ya kutotokea ni kiasi gani, kubadilisha tarehe kunagharimu nini, na mwisho wa kufanya hayo ni saa ngapi kabla ya ndege kuondoka. Swali la mwisho ndilo watu huliacha. Kuna masharti yanayoruhusu kughairi hadi dakika za mwisho, na kuna mengine ambayo humhesabu abiria kuwa hakutokea ikiwa hakutoa taarifa saa 24 au zaidi kabla ya safari.

Hatua ya 2: Hakikisha umeisoma saa sawasawa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimewajua watu walioachwa na ndege wakiwa nyumbani wamelala, mizigo imeshafungwa na iko sebuleni.

Tiketi huandikwa kwa saa 24 za Kizungu, na siku yake huanza saa sita usiku. Sisi huhesabu saa kuanzia kuchomoza na kuchwa kwa jua, na watu wetu wengi wa pwani huuhesabu usiku kuwa unatangulia mchana wake, kiasi kwamba mzee akisema usiku wa Ijumaa huenda anakusudia ule unaoanza magharibi ya Alhamisi. Sasa chukua tiketi iliyoandikwa Ijumaa, 00:40. Hiyo ni saa sita na dakika arobaini za usiku wa kuamkia Ijumaa. Anayetakiwa kufika uwanjani saa tatu kabla ya safari ya nje anatakiwa awe mlangoni Alhamisi, saa nne kasoro dakika ishirini za usiku. Anayesoma neno Ijumaa peke yake atatoka nyumbani Ijumaa baada ya isha, na ndege yake itakuwa imeondoka karibu siku nzima iliyopita.

Kosa la pili ni la 07:00, ambayo ni saa moja asubuhi, kusomwa kuwa saa saba mchana. Dawa yake ni rahisi: andika kwa mkono wako, kwa Kiswahili, juu ya ile karatasi, "natoka nyumbani Alhamisi saa kumi na mbili jioni", kisha mpe mtu mwingine wa nyumbani aisome tiketi bila kumwambia ulichoandika, mlinganishe.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kuamua

Bei ya tiketi ni mkusanyiko wa nauli, kodi na ada za viwanja, na mara nyingi ada ya shirika lenyewe iliyopewa jina la mafuta. Kodi ya uwanja hutozwa kwa ajili ya abiria anayesafiri. Asiposafiri, kwa kawaida kodi hizo hurudishwa hata kama nauli yenyewe hairudishwi. Ada ya mafuta ni jambo jingine, kwani mashirika mengi huihesabu pamoja na nauli.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tiketi ni shilingi 62,000: nauli ni 41,000, na kodi zinazorudishwa ni 21,000. Masharti yanasema faini ya kughairi ni 12,000 na faini ya kutotokea ni 15,000 zaidi. Ukighairi kwa wakati, utabakiwa na 29,000 za nauli, na ukijumlisha kodi utarudishiwa 50,000. Ukiachwa kimya kimya, faini zote mbili ni 27,000, nauli inabaki 14,000, na utarudishiwa 35,000. Simu moja ina thamani ya shilingi 15,000. Na huo ni mfano wa nauli yenye huruma. Katika nauli nyingi za bei ya chini, asiyetokea hupata kodi peke yake, tena akiziomba.

Lazima niseme ukweli mwingine. Katika tiketi za bei nafuu kabisa za Mombasa na Nairobi, za kwenda tu, faini ya kughairi huweza kulingana na nauli au kuipita, na hapo pesa utakazopata kwa kughairi ni chache. Hata hivyo ningemshauri mtu aghairi, au bora zaidi abadilishe tarehe kabla ya safari, kwa kuwa baada ya ndege kuondoka mlango wa kubadilisha tarehe hufungwa kwanza kuliko yote.

Hatua ya 4: Ghairi kwa aliyekuuzia, na upate maandishi

Kanuni ni moja: tiketi iliyonunuliwa kwa wakala hurudishwa kupitia kwa wakala, na iliyonunuliwa katika tovuti ya shirika hurudishwa na shirika. Ukienda kinyume utazungushwa. Ila kama ni Jumapili usiku na wakala amefunga duka, usimngoje. Ingia katika tovuti ya shirika kwa ile namba ya nafasi, au piga simu yao, uombe angalau nafasi ifutwe ili usihesabiwe kuwa hukutokea, kisha urudi kwa wakala asubuhi kwa habari ya pesa. Kufuta nafasi na kurudishiwa pesa ni matendo mawili, na la kwanza ndilo linaloshindana na saa.

Kama ulikuwa umeshajiandikisha kwa safari kwenye simu na kupata pasi ya kupandia ndege, lazima uandikishaji huo uondolewe kwanza, kwa sababu mfumo haukubali kurudisha tiketi ya mtu unayemhesabu kuwa yuko njiani kuelekea langoni. Mwambie wazi anayekuhudumia: "Nilishajiandikisha, naomba mniondoe katika orodha ya ndege hii, kisha mghairi."

Usikate simu kabla hujaomba ujumbe wa barua pepe au SMS unaoonyesha kwamba nafasi imefutwa, pamoja na saa iliyofutwa. Piga picha ya skrini. Siku ya ubishi, kitu kinachotazamwa ni kama ulighairi kabla au baada ya saa ya mwisho iliyo katika masharti ya nauli yako, na maneno "nilimpigia mtu fulani" hayana uzito.

Ukighairi siku ile ile uliyonunua kwa wakala, muulize kama anaweza kuibatilisha tiketi badala ya kuirudisha. Mawakala huwa na nafasi hiyo mpaka mwisho wa siku ya mauzo, na tiketi iliyobatilishwa huwa kama haikutolewa, bila faini ya shirika. Kwa safari za kwenda au kutoka Marekani, mfano ile ya Nairobi hadi New York ambayo Kenya Airways imekuwa ikiiruka moja kwa moja tangu Oktoba 2018, sheria ya Marekani hulitaka shirika ama likushikie nafasi kwa saa 24 bila malipo, ama likuruhusu kughairi ndani ya saa 24 bila faini, mradi umenunua kwao wenyewe siku 7 au zaidi kabla ya safari.

Penye ugonjwa, msiba au kunyimwa viza, mashirika mengi hulegeza masharti, lakini kwa hati: barua ya daktari yenye mhuri na tarehe, kibali cha mazishi, au barua ya ubalozi. Mazishi ya kwetu mara nyingi hufanywa siku ile ile, na wafiwa hukimbilia makaburini kabla ya kufikiria makaratasi. Mmoja wa jamaa ashike hati hizo na apige simu kwa niaba ya msafiri. Mwenye bima ya safari naye atoe taarifa kwa kampuni ya bima mapema, kwa kuwa bima nyingi hulipa tu pale abiria alipoghairi kwa wakati baada ya kujua kwamba hawezi kusafiri.

Hatua ya 5: Usiruke sehemu ya kwanza ya safari

Hili ndilo kosa la Mombasa hasa. Mtu ana tiketi moja ya Mombasa, Nairobi na Jeddah. Anafikiri: nina mizigo na wazee, na reli ipo. Anapanda treni ya SGR pale Miritini, anashuka Syokimau baada ya saa tano au sita, anakwenda Uwanja wa Jomo Kenyatta akiwa mapema na ametulia, na kwenye kaunta anaambiwa kwamba hana nafasi. Hakutokea Mombasa, kwa hiyo mfumo ulifuta Nairobi hadi Jeddah, pamoja na kurudi.

Tiketi husafiriwa kwa mpangilio ilivyoandikwa. Kama unataka kuanzia Nairobi, liombe shirika mapema liiandike upya tiketi ianzie Nairobi, na uulize bei, maana safari fupi huweza kuwa ghali kuliko ndefu. Vivyo hivyo kwa anayekwenda Umra kwa tiketi za kikundi: usijitenge na kundi lako hata kwa sehemu moja bila idhini ya maandishi, kwa sababu nafasi za kikundi zina masharti yake na msimamizi wa kikundi ndiye mwenye sauti kwa shirika.

Kinyume chake, sehemu ya mwisho ya safari ukiiacha haifuti kilichotangulia, kwa kuwa hakuna kinachofuata. Hata hivyo begi lililopimwa hadi mwisho litakwenda mwisho.

Na kama umenunua tiketi mbili mbalimbali, moja ya Mombasa hadi Nairobi na nyingine ya kutoka Nairobi kwenda nje, fahamu kwamba mashirika hayo hayajuani. Ndege ya kwanza ikichelewa, wa pili atakuhesabu kuwa hukutokea, na kwake kosa ni lako. Kwenye tiketi moja, shirika lililokuchelewesha ndilo linalowajibika kukutafutia ndege nyingine. Kwa wasafiri wa mbali mimi hushauri tiketi moja, hata ikizidi bei kidogo.

Hatua ya 6: Wao wakibadilisha, wewe usiwahi kughairi

Ukipata ujumbe kwamba saa ya ndege imesogezwa sana au ndege imefutwa, usibonyeze kitufe cha kughairi. Ukighairi wewe, faini ni zako; wakifuta wao, una haki ya kurudishiwa nauli yote au kupewa ndege nyingine. Jibu kwa maandishi kwamba mabadiliko hayakufai na kwamba unaomba marejesho kamili kwa sababu yao. Kwa anayetoka Mombasa kwenda Ulaya na shirika la nchi ya Umoja wa Ulaya, Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 huongeza fidia ya hadi yuro 600 pale ndege inapofutwa bila notisi ya siku 14, isipokuwa shirika lithibitishe kwamba sababu ilikuwa nje ya uwezo wake. Sheria hiyo haimsaidii aliyechelewa mwenyewe.

Hatua ya 7: Umekwama njiani

Uwanja wa Moi uko bara, upande wa Port Reitz, na anayetoka kisiwani hupita Makupa na Changamwe pamoja na malori ya bandari. Anayetoka Likoni ana feri, au barabara ya Dongo Kundu. Anayetoka Kisauni ana daraja la Nyali kwanza, kisha kisiwa chote. Ukiona saa inakupita na gari halisogei, usingoje ufike ndipo ujieleze. Ukiwa ndani ya gari, fungua simu: kama hujajiandikisha, jiandikishe hapo hapo, kwani mwenye begi la mkononi tu na pasi tayari hahitaji kaunta. Kama una mizigo ya kupima, kumbuka kwamba kaunta hufungwa dakika 30 hadi 60 kabla ya kuondoka kulingana na shirika na safari.

Ukiona kabisa kwamba hutafika, piga simu ubadilishe au ughairi kabla ya saa ya kuondoka, hata zikiwa zimebaki dakika kumi tu. Yapo masharti ambayo kwayo dakika hizo kumi bado ni upande wa kughairi.

Aliyekwisha kupimisha mizigo na akaamua kutopanda, amwambie mhudumu wa langoni mara moja. Tangu mlipuko wa ndege ya Air India mwaka 1985, uliotokana na begi ambalo mwenyewe hakupanda na kuua watu 329, utaratibu wa kimataifa umekuwa kwamba mzigo wa abiria asiyepanda lazima ushushwe, na abiria wengine wote watakaa wakisubiri begi lako litafutwe.

Hatua ya 8: Ndege imeshakuacha

Usiondoke uwanjani kwanza. Nenda kwenye kaunta ya shirika ukiwa mtulivu na uombe mambo matatu kwa mpangilio huu: ndege inayofuata kwa faini, kama haiwezekani, sehemu ya kurudi ihifadhiwe ili usiipoteze pia, na kama hilo nalo halikubaliki, madai ya kodi zisizotumika yafunguliwe. La pili huwaponyoka wengi kwa sababu ya fadhaa. Yapo mashirika yanayokubali kuhifadhi safari ya kurudi endapo abiria atasema ndani ya saa chache, na baada ya hapo hayakubali.

Hatua ya 9: Fuatilia pesa

Marejesho hurudi kwa njia ile ile yaliyolipiwa: kadi kwa kadi, M-Pesa kwa M-Pesa, na tiketi iliyolipwa na mwajiri wa Ghuba hurudi kwa mwajiri. Tiketi kwa kawaida huwa hai kwa mwaka mmoja tangu kutolewa, basi usiache madai yakalala. Andika tarehe uliyodai, namba ya tiketi yenye tarakimu 13, na jina la ofisi iliyopokea. Wakala akisema shirika bado halijalipa, omba namba ya ombi la marejesho na ulipigie shirika mwenyewe; lina rekodi ya siku ombi lilipoingia, na mara nyingi hapo ndipo hugundulika kwamba halikuingizwa kabisa.

Ukizungushwa, andika malalamiko rasmi kwa shirika kwanza na ungoje jibu, kisha upeleke nakala kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya. Madai yasiyozidi shilingi milioni moja unaweza kuyapeleka katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, ambako si lazima uwe na wakili. Utakachoulizwa huko ni ule ujumbe wa kughairi wenye saa yake, kwa hiyo usiufute kwenye simu hadi pesa ziingie na uzihesabu.